Mzazi Ananunua Nini Anapolipa Ada?

Kwenye vilima vya Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, ipo shule ya sekondari iliyopitia pande zote mbili za ubishi kuhusu shule za binafsi na za umma. Iliasisiwa na wamisionari wa Kikatoliki kwa jina la St. Francis. Julius Nyerere alikuwa mwalimu hapo mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi ili akitumikie chama cha TANU. Miaka 15 baadaye, akiwa Rais, serikali yake iliitwaa shule hiyohiyo pamoja na karibu shule zote za madhehebu, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliyoanza kutumika 1970. Seminari ziliachwa. Pugu ni ya serikali mpaka leo.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu nzito. Ukoloni uliacha shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake na hadhi yake. Kwa Waafrika wenyewe, nafasi nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu wengi waliachwa nyuma kwa sababu hiyo. Zanzibar ilitangulia kuchukua hatua: Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Rais wa visiwa hivyo, Karume, alitangaza elimu bila malipo. Kwa viongozi wa kizazi kile, shule inayochagua watoto kwa rangi, dini au mfuko wa mzazi ilikuwa mwendelezo wa ukoloni, na haikustahili kuachwa hivihivi.

Lakini shule binafsi hazikufa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, na watoto wakajaa madarasani. Sekondari hazikupanuka kwa kasi hiyo. Serikali iliziwekea kikomo kwa makusudi, kwa kukadiria idadi ya wataalamu ambao taifa lingewahitaji, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zenye uwiano mdogo kabisa wa watoto wanaosoma sekondari duniani. Maelfu walimaliza darasa la saba wakiwa na akili timamu na hamu ya kusoma, wakakosa pa kwenda.

Wazazi hawakukubali. Kilimanjaro, kwenye fedha za kahawa na vyama vya ushirika, wanavijiji, makanisa na jumuiya ya wazazi walijenga sekondari zao wenyewe. Mikoa mingine ikafuata. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, shule za aina hiyo zilikaribia kulingana kwa idadi na za serikali, ndani ya nchi iliyokuwa bado inajiita ya Kijamaa. Serikali ilizivumilia, kisha ikazikubali, kwa sababu haikuwa na jibu la kumpa mzazi ambaye mwanawe alikosa nafasi.

Jambo moja la enzi hizo husahaulika siku hizi. Sekondari binafsi ndiyo iliyokuwa dhaifu. Waliofaulu vizuri walichaguliwa kwenda Tabora, Ilboru, Mzumbe au Kibaha. Waliokosa ndio waliolipiwa ada. Kijana aliyesoma shule ya wazazi alijieleza mara mbili kabla ya kuheshimiwa. Leo mambo yamegeuka, na mgeuko huo unaonyesha kwamba umiliki peke yake hauifanyi shule kuwa bora wala mbovu.

Mlango wa shule za msingi za binafsi ulifunguliwa kikamilifu na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 na marekebisho ya sheria ya mwaka huohuo. Ndipo zilipoenea shule za mchepuo wa Kiingereza, kwanza Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kisha karibu kila makao makuu ya wilaya. Wakati huohuo, elimu ya umma ilikuwa ikirudishiwa sifa ya kutolewa bure. Ada ya shule za msingi ilifutwa kuelekea Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 serikali ikaondoa pia ada ya kidato cha tano na cha sita.

Kwa hiyo mzazi wa Kitanzania leo anaweza kumsomesha mtoto kuanzia awali hadi kidato cha sita bila kulipa ada hata senti moja. Hata hivyo wapo wanaouza kiwanja, wanaokopa kwenye vikoba, wanaohesabu awamu nne za ada kwa mwaka. Wanafanya hivyo kwa ajili ya kitu gani?

Fomu ya kujiunga na shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza huwa na kurasa kadhaa. Kuna ada. Kuna nauli ya gari la shule, inayopanda kadiri nyumba inavyokuwa mbali. Kuna sare za kila siku, sare za michezo na sweta lenye nembo ambalo halipatikani dukani ila shuleni. Kuna chakula, mitihani ya majaribio, safari za mafunzo na mahafali. Mzazi anayeijaza fomu hiyo anajua kwamba hatua chache kutoka kwake ipo shule ya serikali, ile ambayo mitaani huitwa ya kayumba, isiyodai chochote kati ya hivyo.

Upande wa pili, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali naye ana hesabu zake. Mbali na mishahara ya walimu, ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa kwa miaka mingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu, hivyo shilingi 6,000 tu ndizo hufika shuleni. Shule yenye watoto 1,000 hupata milioni 6 kwa mwaka, sawa na laki tano kwa mwezi. Kwenye laki tano hizo atoe chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya michezo, ukarabati wa vyoo na shughuli za ofisi. Mlinzi hayumo kwenye hesabu hiyo, wala uji wa watoto. Hapo ndipo kamati ya shule huitisha kikao cha wazazi, na michango inarudi kwa hiari ambayo kila aliyehudhuria anajua ilivyo na shinikizo.

Madarasa nayo yalifurika. Waraka wa mwaka 2015 ulipoanza kutumika Januari 2016, uandikishaji uliruka, na viongozi wa mikoa wakaanza kushindana kukusanya madawati. Serikali imejenga sana tangu hapo. Kati ya mwaka 2021 na 2022 pekee yalijengwa madarasa 15,000 kwa mkopo uliotolewa kukabili athari za UVIKO-19. Hiyo ni kazi kubwa na wanaoibeza hawawatendei haki watoto waliokuwa wakisomea chini ya miti. Lakini darasa jipya lenye watoto zaidi ya 100 na mwalimu mmoja bado ni darasa ambalo mtoto wa nyuma haoni ubao.

Fedha zenyewe, zikija bila kitu kingine, hazitoshi. Mwaka 2013 na 2014 watafiti walijaribu njia tofauti katika shule za msingi 350 nchini Tanzania. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, ikafika yote, na ufaulu wa watoto haukupanda. Nyingine zilipewa ruzuku hiyo pamoja na motisha kwa walimu kulingana na kiwango ambacho wanafunzi wao waliweza kusoma na kuhesabu. Huko watoto walipanda waziwazi. Matokeo hayo yangepaswa kubandikwa kwenye ofisi ya kila anayepanga bajeti ya elimu.

Bado hayo hayajibu swali la mzazi na fomu yake. Ukimuuliza anachokinunua, atataja nidhamu, usimamizi, darasa dogo na usafiri. Mazungumzo yakiendelea kidogo, atataja Kiingereza.

Mtoto wa shule ya umma husoma hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Kisha anaingia kidato cha kwanza na masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache, yanageuka kuwa ya Kiingereza. Hupewa kozi fupi ya maandalizi, kisha anatakiwa aelewe usanisinuru kwa lugha ambayo jana ilikuwa somo moja tu kwenye ratiba. Pembeni yake anaketi aliyetoka mchepuo wa Kiingereza, ambaye hana lugha mpya ya kupambana nayo. Wote wawili watafanya mtihani mmoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Martha Qorro akiwa mstari wa mbele, wameeleza kwa miongo kadhaa jinsi wanafunzi wengi wa sekondari wanavyonyamaza darasani na kukariri maelezo wasiyoyaelewa kwa sababu ya mpito huo.

Sera ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Haikutekelezwa. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limeirudisha sekondari kwenye Kiingereza na kuongeza nguvu katika kulifundisha somo la Kiingereza tangu madarasa ya chini. Maana yake ni kwamba ukuta umebaki palepale, kati ya msingi na sekondari, na anayetaka mwanawe auvuke kwa urahisi analazimika kununua ngazi.

Sehemu kubwa ya biashara ya shule za msingi binafsi imesimama juu ya ukuta huo, na ukuta huo umejengwa na serikali yenyewe. Ungeondolewa kwa njia yoyote ile, ama kwa kuifundisha sekondari kwa Kiswahili ama kwa kumpa kila mtoto wa shule ya umma mwalimu anayekimudu Kiingereza kweli, wazazi wengi wenye kipato cha kati wangerudi. Ushahidi upo Dar es Salaam kwenyewe: shule za umma za Olympio na Diamond hufundisha kwa Kiingereza, na wazazi wenye uwezo hugombea nafasi humo miaka nenda rudi. Hawaikimbii serikali. Wanaifuata lugha.

Lugha pia ndiyo inayofanya mgawanyiko wa Tanzania uumize kuliko wa nchi nyingi. Kwingine mtoto wa tajiri na wa maskini hutofautiana jengo na chakula. Hapa hutofautiana hata maneno wanayofikiria nayo sayansi. Wapo watoto wa Mikocheni na Njiro wanaosoma barua ya bibi kwa shida, na wapo wa Tandale wanaokiogopa Kiingereza kama adhabu. Nchi iliyojengwa na Kiswahili isingepaswa kufika hapo.

Hasara ya pili haionekani kwenye takwimu. Mwanasheria, mhasibu wa halmashauri, daktari na mfanyabiashara wa jumla wakiwaondoa watoto wao, huondoka pia kwenye kamati ya shule. Hawa ndio ambao wangeuliza fedha za choo zimekwenda wapi, ambao wangemwandikia mkurugenzi barua na kujibiwa. Wanaobaki wana uchungu uleule na watoto wao, lakini hawana simu ya kumpigia mtu. Nchini India hoja hii ilifika mahakamani: Agosti 2015, Mahakama Kuu ya Allahabad iliamuru watumishi wa umma wa jimbo la Uttar Pradesh wawasomeshe watoto wao katika shule za msingi za serikali. Utekelezaji uligonga mwamba, kama ilivyotarajiwa, lakini jaji alikuwa ameweka kidole kwenye kidonda.

Watetezi wa shule binafsi hujibu kwa matokeo ya mitihani, na kwa miaka mingi orodha ya shule kumi bora ilikuwa tangazo lao la bure. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kuitangaza orodha hiyo. Uamuzi ulikuwa wa haki. Shule inayomfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea, kisha inamkaririsha darasa au kumhamisha asipofikia wastani, haiwezi kulinganishwa na shule ya serikali ya kata ambayo kisheria inapokea kila anayepangiwa. Serikali imekemea mchujo huo mara kadhaa. Wazazi wanajua kuwa bado unaendelea chini kwa chini, na mtoto anayeondolewa kidato cha pili ili asiharibu wastani wa shule hubeba aibu ambayo si yake.

Wala si kweli kwamba serikali haiwezi. Kisimiri, sekondari ya serikali iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru wilayani Arumeru, iliongoza taifa katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016, ikaongoza tena mwaka 2020, mbele ya shule zenye mabwawa ya kuogelea. Ni kweli kwamba nayo hupokea waliochaguliwa kwa ufaulu. Lakini walimu wake hulipwa mishahara ya serikali. Na si kila shule binafsi ni ya wenye nazo: St Jude ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 2002, inaendeshwa kwa michango ya wafadhili na huwasomesha bila ada watoto werevu wanaotoka katika familia maskini. Kuyatia yote haya kwenye kapu moja la “binafsi” na “umma” ni kujinyima macho.

Kenya inaonyesha sura nyingine kabisa. Rais Mwai Kibaki alipofuta karo ya msingi mwaka 2003, uandikishaji ulipanda kutoka takriban milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika kipindi kifupi. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ambako shule za umma ni chache na ziko mbali, zilichipuka mamia ya shule za binafsi za karo nafuu, za mabati, zinazomilikiwa na makanisa, vikundi au mtu mmoja. Mzazi wa huko hakuchagua shule binafsi kwa ajili ya fahari. Hakuwa na nyingine karibu. Asubuhi ya Septemba 23, 2019, jengo la ghorofa la shule ya aina hiyo liliporomoka eneo la Dagoretti na kuua watoto wanane. Baada ya mazishi ilibidi watu waulize kwa nini mtaa wenye watoto wengi kiasi hicho ulitegemea jengo kama lile.

Kenya pia ilijaribu kurekebisha mizani kwa kanuni. Baada ya matokeo ya mtihani wa darasa la nane wa mwaka 2010, Wizara ya Elimu chini ya Profesa Sam Ongeri ilitenga sehemu kubwa ya nafasi za shule za kitaifa kwa watoto waliotoka shule za umma. Wamiliki wa shule binafsi walikwenda mahakamani, wazazi wakalia kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa kufaulu. Malalamiko yao yalikuwa na uzito wa kibinadamu, maana mtoto wa miaka 14 hakujichagulia shule. Lakini shule za kitaifa zilijengwa kwa kodi ya wote, na ilikuwa haki kuuliza kwa nini zijazwe na wale walionunua maandalizi.

Kupiga marufuku si njia. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake, na historia ya Kilimanjaro inaonyesha kwamba wazazi watajenga hata wakikatazwa. Kinachofaa kubishaniwa ni masharti. Uholanzi, tangu mwaka 1917, hulipia shule za madhehebu na za binafsi kwa kiwango sawa na za umma, nazo hufuata viwango vya taifa. Watoto wengi wa nchi hiyo wanasoma humo. India, kwa sheria ya mwaka 2009, imezitaka shule binafsi kutenga robo ya nafasi za madarasa ya kuanzia kwa watoto wa familia zisizo na uwezo, na serikali huwalipia.

Tanzania imekuwa na masharti ya kugusagusa. Pendekezo la ada elekezi lilizua kelele mwaka 2015 na 2016, likawekwa kando. Mwaka 2023 ulitolewa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, hatua njema kwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akilala mbali na mama yake. Wamiliki, kupitia chama chao cha TAMONGSCO, hulalamikia kodi na tozo nyingi, na wana hoja: kila mtoto wanayemsomesha ni dawati ambalo serikali haikulinunua. Lakini nao hawajawahi kulazimishwa kupokea mtoto wa jirani asiye na ada.

Nafasi ya kuliweka sawa jambo hili inakuja yenyewe. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 katika darasa la kwanza na la tatu umepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi. Mwishoni mwa mwaka 2027, darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani yatamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Serikali itahitaji madarasa na walimu wa mikondo miwili kwa mwaka mmoja, na mahali pengi nafasi tupu zitakuwa kwenye sekondari binafsi ambazo zimepoteza wanafunzi tangu ada ya umma ifutwe.

Uganda iliwahi kuzitumia nafasi za shule binafsi kwa namna hiyo. Ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, ililipa shule binafsi zilizokubali kupokea wanafunzi katika maeneo yasiyo na shule ya serikali, shilingi 47,000 za Uganda kwa kila mtoto kwa muhula. Watoto wengi wa vijijini walisoma kwa utaratibu huo. Baadaye yakaja malalamiko ya malipo kuchelewa, wanafunzi hewa na ubora usiokaguliwa, na kuanzia mwaka 2018 mpango ukaondolewa hatua kwa hatua. Serikali ya Tanzania ikitaka kukodi nafasi za sekondari binafsi mwaka 2028, mikataba inapaswa kuandikwa sasa, ikieleza kiwango cha malipo, tarehe ya kulipa, jina la mkaguzi, na kwamba mtoto wa serikali hataondolewa kwa sababu ya wastani. Walimu wa Kiingereza watakaowapokea watoto hao wanapaswa kuwa vyuoni tayari, maana mafunzo ya ualimu hayamaliziki kwa muhula mmoja.